Bahari Bila Kiingilio: Tanga, Dar es Salaam na Unguja kwa Familia Inayotoka Moshi

Shule zinapokaribia kufungwa, mwezi wa sita au wa kumi na mbili, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Moshi: watoto hawa waliozaliwa chini ya mlima, ambao wameuona Kilimanjaro tangu wakiwa migongoni mwa mama zao, watapelekwa wapi wakaione bahari? Mzazi akiketi na kalamu, nauli ya watu watano kwenda na kurudi, pamoja na chumba cha kulala, humaliza sehemu kubwa ya fedha iliyowekwa, na kinachosalia hakitoshi kulipia kiingilio kila mahali mnapofika. Nimeshateremka na familia yangu kwenda Tanga mara tatu, Dar es Salaam mara nyingi zaidi na Unguja mara mbili, na safari hizo zimenizoeza kuilinganisha miji hii kwa kipimo kimoja: baada ya nauli na chumba kulipwa, mtu anaweza kuona nini, kugusa nini na kufurahia nini bila kutoa shilingi nyingine?

Kipimo hicho kina sharti lake. Bustani isiyo na kiingilio ambayo inawalazimu watu watano kupanda daladala mbili na bajaji moja ili waifikie, kisha wapande tena kurudi, imekwisha kulipiwa njiani. Kwa hiyo nahesabu na miguu pia: nauita mji mwepesi ule ambao vitu vyake vya bure vimekaa karibu karibu, kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kuvizungukia kabla jua halijawa kali.

Kufika kwenyewe

Basi litokalo Moshi hupita Mwanga, Same, Mombo na Korogwe, milima ya Upare na baadaye ya Usambara ikiwa mkono wa kushoto karibu njia nzima, hadi Segera, ambako barabara hugawanyika. Kutoka Segera hadi Tanga mjini hazifiki kilomita 80, ilhali kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 270. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye watoto. Anayekwenda Tanga akiondoka Moshi alfajiri hufika mchana, akapata muda wa kuoga, kula na kwenda kuitazama bahari siku ile ile. Anayekwenda Dar hufika jioni akiwa amechoka, tena hushushwa stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, mbali na bahari, na bado ana foleni ya mji mbele yake. Unguja ni safari ya siku ya pili, kwa kuwa lazima kwanza mlale Dar, kisha asubuhi mpande boti ya muda wa saa mbili hivi, kila mtu mzima akiwa na kitambulisho mkononi. Tiketi hizo za boti ndizo zinazoifanya Unguja kuwa ghali kuliko wenzake wawili kabla hamjaona chochote.

Upande wa Tanga una nyongeza ambayo hupatikana dirishani. Kati ya Korogwe na Muheza yapo mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka hadi macho yanapoishia. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na ndilo lililoujenga mji wa Tanga. Mwaka huo huo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea bara, na reli hiyo ilifika Moshi mwaka 1911. Mtoto akiambiwa kwamba reli anayoivuka kila siku akienda shule ilianzia huko anakokwenda, safari huwa na maana nyingine.

Maji yenyewe

Hapa ndipo watu wengi wa bara tunapokosea, nami nilikosea mwanzoni. Tunaidhani bahari ni kama ziwa, kwamba ukifika saa yoyote utayakuta maji palepale. Pwani ya kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huweza kufika karibu mita 4. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, nayo hupanda na kushuka kidogo. Kwa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alasiri na kupwa kwenye saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakawa yamejaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri. Anayetaka watoto waoge baharini jioni aende karibu na mwezi mpevu au mwandamo. Anayetaka kutembea juu ya sakafu ya bahari asubuhi aende siku zilezile. Kwa kutazama mbalamwezi kutoka uani kwako Moshi, unaweza kujua maji ya Tanga yakoje.

Nilijifunza hayo Sahare, pwani ya Tanga, asubuhi moja ya bamvua. Tulifika kwenye saa tatu na nusu tukakuta mahali palipotakiwa kuwa na bahari pana mchanga wenye mikunjo kama uso wa mzee, ngalawa zimelala ubavu, na maji yameonekana kwa mbali kama uzi. Mwanangu wa mwisho, ambaye nyumbani amezoea kuona maji ya mfereji yakifunguliwa na kufungwa kwa zamu, aliniuliza, "Baba, kwani leo si zamu yao?" Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alimsikia. Hakucheka. Alimshika mkono akamwambia, "Njoo mwanangu, zamu yao itafika saa kumi, kwa sasa twende tukaone walioachwa." Akatupeleka kwenye vidimbwi vilivyobaki kati ya mawe, akamwonyesha kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota ya ncha tano, akamfundisha kukigeuza taratibu na kukirudisha majini kabla hakijakauka. Pembeni wanawake walikuwa wameinama wakiokota makombe, ndoo zao zikiwa juu ya mwamba. Tulikaa pale hadi maji yalipoanza kurudi yakitambaa kwenye mifereji midogo, na hakuna aliyetudai chochote. Vaeni viatu, maana miamba hukata na wapo wanyama wenye miiba.

Hilo ni jambo ambalo Tanga inalitoa kwa wingi. Lakini kwa kuogelea sina budi kusema kweli: Tanga mjini haina ufukwe mpana wa mchanga ulio wazi kwa wote. Sehemu kubwa ya kingo zake ni mikoko na tope, na pale Raskazone, ambako maji ni mazuri, klabu zilizopo hutoza kiingilio.

Dar es Salaam inashinda hapa bila ubishi. Coco Beach, upande wa Oysterbay, ni ufukwe wa umma ambao yeyote huingia saa yoyote, akaoga, akacheza mpira, akakaa juu ya mwamba akila mihogo ya kukaanga yenye pilipili kama anayo fedha ya kununua, au akakaa tu kama hana. Mwishoni mwa wiki hujaa watu wa kila aina, na mtoto wa Moshi atajifunza mengi kwa kutazama umati peke yake. Tahadhari yangu ni kwamba pana miamba na mawimbi, hasa upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka; mtoto asiingie maji yanayozidi magoti yake bila mtu mzima kumshika. Kuna siku tulikwenda upande mwingine wa jiji, tukazuiwa kwenye lango la hoteli moja na kuambiwa kwamba kila mmoja wetu alipe ili afike majini. Tulirudi. Baadaye nilielewa kwamba walichokuwa wakitoza ni njia ya kupita kwenye eneo lao, maana bahari si yao, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Kwa mgeni asiyejua vichochoro vya umma vinavyoteremka baharini, kubishana langoni hakumsaidii. Aende moja kwa moja Coco Beach.

Unguja mjini ina hali yake. Kingo za Mji Mkongwe zimebanwa na bandari na boti, na mchanga mweupe unaoonekana kwenye picha uko kaskazini na mashariki ya kisiwa, safari ya daladala ya zaidi ya saa moja. Hata hivyo jioni, maji yakiwa yamejaa, vijana wa mjini hukusanyika kwenye ukuta wa Forodhani wakaruka baharini mmoja baada ya mwingine, wengine wakipinduka hewani mara mbili kabla ya kugusa maji, na umati huwapigia makofi.

Kuutembea mji

Kwa kutembea, nauweka Mji Mkongwe wa Zanzibar mbele ya yote niliyowahi kuona, na sisemi hivyo kwa sababu tu UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Sababu yangu ni kwamba mji wenyewe ndio onyesho. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi cha magari kushindwa kuingia, hivyo kivuli kipo karibu mchana kutwa na watoto wanaweza kutangulia mbele. Cha kuangalia ni baiskeli na vespa. Kila baada ya hatua chache kuna mlango wa nakshi. Simama mbele ya mmoja, usiupite. Tazama fremu yake: pembeni mara nyingi umechongwa mnyororo unaozunguka kuulinda mlango, chini kabisa pamechongwa samaki au mawimbi, na juu yake majani na maua yanayopanda. Milango ya mtindo wa Kihindi ina tao juu na njumu za shaba zilizochongoka kwenye mbao. Ile ya zamani ya mtindo wa Kiarabu imenyooka juu, na mara nyingi ina maandishi ya Kiarabu. Binti yangu alikuwa na daftari la shule, akaanza kuichora, na alipofika mlango wa nane mama mmoja alitoka ndani, akatazama mchoro, akarudi na glasi ya maji baridi kwa ajili yake. Barazani palikuwa na nafasi, tukakaa.

Katika mji huo huo unaweza kuingia uani kwa Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwaondoa Wareno, bila kulipa mchana. Unaweza kuitazama kwa nje Beit al-Ajaib, jengo lililoporomoka sehemu mwezi Desemba 2020, na kusimama Jaws Corner ambako wazee hunywa kahawa chungu na kujadili siasa na mpira kwa sauti. Kikombe cha kahawa hakitakufilisi, lakini hata asiyenunua hafukuzwi. Mavazi ya staha ni jambo la adabu pale, na wakati wa Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana. Wenye watoto wadogo walifikirie hilo wanapochagua tarehe.

Tanga inamfaa zaidi mtu anayependa kutembea polepole bila kusukumana. Anzieni Bustani ya Jamhuri, inayotazama bandari, karibu na mnara wa saa uliojengwa na Wajerumani. Mbele yenu baharini kuna kisiwa kidogo kilichozungukwa na mikoko kiitwacho Toten, neno la Kijerumani lenye maana ya wafu, kwa sababu ya makaburi ya kale na gofu la msikiti lililomo. Kutoka hapo mnaweza kwenda kwa miguu hadi makaburi na mnara wa askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Novemba 1914 majeshi ya Uingereza yaliyotoka India yalishuka Tanga kwa meli, yakiwa mengi mara kadhaa kuliko walinzi wa mji, yakashindwa. Simulizi inayokumbukwa zaidi ni ya nyuki waliochafuliwa na risasi wakawashambulia wapiganaji. Watu wa Moshi tuna jambo letu la kukumbuka: sehemu kubwa ya askari wa upande wa Wajerumani waliouokoa mji walipakiwa treni huku kwetu wakateremshwa hadi Tanga kwa reli ileile. Niliwaeleza wanangu habari hiyo tukiwa tumesimama kati ya makaburi, na mkubwa akauliza majina ya askari Waafrika yako wapi. Ni swali ambalo mzazi anapaswa kuwa tayari kulijibu.

Baada ya hapo pandeni hadi Ngamiani, mtaa wa zamani ambao barabara zake zinaitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili na kuendelea, kiasi kwamba hata mtoto hawezi kupotea. Baiskeli ni nyingi, watu husalimia, na Kiswahili kinachosikika barazani ni kile ambacho mwalimu wa fasihi angetamani wanafunzi wake wakisikie. Si ajabu kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alitoka sehemu hizi za Tanga.

Dar es Salaam ina vitu vingi vya bure lakini vimetawanyika, na joto la lami yake si la kupuuzwa. Kipande kinachofaa kutembelewa kwa miguu ni cha katikati ya jiji peke yake: Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Mtaa wa Maktaba, Bustani ya Mimea iliyoanzishwa enzi za Wajerumani, kisha kushuka hadi barabara ya Kivukoni mkatazame meli. Makanisa mawili ya zamani yako njiani, la Azania Front la Walutheri na la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yote mawili yakiwa yalianza kujengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kwa familia za Kilimanjaro, ambazo nyingi ni za madhehebu hayo mawili, kusali Jumapili katika mojawapo kisha kutembea hadi baharini ni asubuhi nzuri isiyo na gharama zaidi ya sadaka. Mengine yaliyobaki, kama vinyago vya Mwenge, yanahitaji usafiri.

Soko la samaki alfajiri

Miji yote mitatu ina soko la samaki wabichi, na hakuna onyesho la bure linalowashika watoto wa bara kama hili. Dar lipo soko la Feri, Magogoni. Unguja kuna Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, ambalo lina upande wa samaki na upande wa viungo. Tanga kuna Deep Sea. Feri ni kubwa na yenye kishindo, mnada wake huenda haraka kiasi kwamba mgeni haelewi nani amenunua nini, na sakafu huteleza. Darajani ni zuri zaidi kwa pua: karafuu, mdalasini na hiliki, na samaki wakubwa kama jodari waliolazwa juu ya meza za saruji. Nikiwa na mtoto mkononi, nachagua Deep Sea ya Tanga, kwa sababu ni dogo, mtu anaweza kusimama karibu na mashua bila kuwazuia wanaofanya kazi, na mvuvi huwa na nafasi ya kujibu maswali. Pale wanangu walijifunza kutofautisha changu, pono na kibua, na kwa nini jicho la samaki mbichi hung'aa. Msipige picha za watu bila kuwaomba, na pale Feri muwe waangalifu zaidi na kamera, kwa kuwa Ikulu iko jirani.

Ukiwa Feri, kivuko cha Kigamboni kiko palepale. Si bure, lakini nauli ya mtu mzima imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, na kwa mtoto ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha majini, dakika hizo chache ndani ya pantoni zina thamani kubwa kuliko nauli.

Jioni

Katika jambo hili jiografia imeamua yenyewe. Dar es Salaam na Tanga zinatazama mashariki, hivyo jua huchwea nyuma ya mji. Mji Mkongwe unatazama magharibi, na jua huzama ndani ya bahari mbele ya macho yenu, majahazi yakipita mbele yake. Bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, haina kiingilio. Saa kumi na mbili watu huanza kujaa, wapishi huwasha taa, na harufu ya mishikaki na urojo humshawishi hata aliyeapa kutonunua. Mle kabla ya kwenda kama fedha imebana.

Ila kutazama mashariki nako kuna zawadi yake. Usiku wa mwezi mpevu, anayekaa Coco Beach huuona mwezi ukitoka baharini ukiwa mwekundu, mkubwa, kisha ukaacha njia ya mwanga juu ya maji hadi miguuni kwake. Mnaweza kufika hapo kwa miguu mkitokea upande wa hospitali ya Aga Khan, mkipita Daraja la Tanzanite lililozinduliwa mwaka 2022, lenye urefu wa kilomita moja hivi juu ya bahari na njia ya waenda kwa miguu. Jioni upepo wake ni mwanana. Tanga jioni ni tulivu mno kwa vijana. Wanangu wakubwa walilalamika kwamba saa mbili usiku hakuna pa kwenda, nami nilifurahi kwa sababu hiyohiyo.

Mombasa, kwa wenye hati za safari

Ningekosea nisipoitaja, kwa kuwa kwa barabara Mombasa haiko mbali na Moshi kuliko Tanga. Mtu hupita Himo, Holili, Taveta na Voi. Kwa vitu vya bure ina nguvu: bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, yenye mibuyu na upepo, vichochoro vya Mji wa Kale, ukumbi wa nje wa Fort Jesus ambapo unaweza kuuona ukuta bila kuingia ndani kwenye kiingilio, na ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi. Kivuko cha Likoni hakiwatozi waenda kwa miguu, jambo ambalo Kigamboni haiwezi kujivunia. Kinachoiangusha katika ulinganisho huu ni kwamba kila msafiri, hata mtoto, anahitaji pasi au hati ya safari inayokubalika mpakani, na kuwatengenezea hati watoto watatu kwa ajili ya siku nne si jambo la bure. Familia iliyo nazo tayari iifikirie kwa uzito.

Vyenye kiingilio, ili msije mkashangaa

Tanga: mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, yote nje ya mji, hulipiwa. Dar: Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho hulipiwa. Unguja: eneo la soko la zamani la watumwa lina onyesho la kulipia, na visiwa vidogo vinahitaji kukodi mashua. Viwango vya Mtanzania kwa kawaida ni vya chini kuliko vya mgeni wa nje, hivyo mkiweza kuchagua kimoja tu cha kulipia katika safari nzima, mimi ningechagua Amboni kwa watoto na onyesho la watumwa kwa vijana wanaoweza kuubeba uzito wa habari ile.

Nani aende wapi

Mwenye watoto chini ya miaka kumi ambao hawajawahi kuiona bahari, namshauri Tanga bila kusita, na namsihi achague siku za bamvua. Safari ni fupi, vitu viko karibu, na bahari inapatikana katika hali zake zote mbili, ya kujaa na ya kupwa, ndani ya siku moja. Vijana wa sekondari watachoka Tanga siku ya pili. Hao wapelekwe Dar, hasa kama kuna shangazi au mjomba wa kuwalaza, kwa kuwa chumba kikitoka katika hesabu, Coco Beach, daraja na katikati ya jiji vinatosha siku tatu. Wenzi wasio na watoto, au mtu anayependa kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu, wakusanye fedha ya boti waende Unguja hata kama itawabidi kungoja mwaka mmoja zaidi. Vitu vya bure vya Mji Mkongwe ni bora kuliko vya miji miwili ile kwa pamoja, na kosa kubwa ni kwenda kwa siku moja ya haraka, mkalipa boti na mkarudi bila kuuona mji usiku.

Kwa wanaosafiri Desemba kuna jambo moja la kwetu. Kuanzia katikati ya mwezi huo mabasi yanayopanda kutoka Dar kuja Kilimanjaro hujaa ndugu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, ilhali yanayoteremka huwa na nafasi. Kuteremka ni rahisi, kurudi ndiko kunakosumbua. Mkifika Tanga au Dar, kabla hamjaenda hata kutazama maji, mzazi mmoja abaki stendi akate tiketi za kurudi za watu wote.